Mchungaji si pambo la mandhari

Claude Lorrain alikuwa Mfaransa aliyehamia Roma akiwa kijana, akafanya kazi huko hadi alipofariki mwaka 1682. Papa, makadinali na mfalme wa Hispania walikuwa miongoni mwa wateja wake. Filippo Baldinucci, mmoja wa walioandika maisha yake, anasimulia kuwa mchoraji huyo alizoea kusema kwamba anachouza ni mandhari. Watu waliomo ndani ya picha anawatoa bure.

Watu hao wa bure mara nyingi walikuwa wachungaji. Kijana amekaa chini ya mti akipuliza filimbi, mwenzake ameegemea fimbo, na mbele yao mbuzi au ng'ombe wachache wanavuka mto wenye maji haba. Jua liko chini, majani yanang'aa, na hakuna anayetoka jasho.

Kwa karne nyingi Ulaya imependa mno picha ya malisho. Imetundikwa katika majumba ya wafalme, ikachapwa kwenye vitabu vya shule na kalenda za ukutani, na leo hii makumbusho makubwa ya dunia yana vyumba vizima vya picha hizo. Ukizitazama kwa mfuatano, utaona zinabishana juu ya jambo moja: je, mchungaji ni mtu mwenye kazi yake, au ni nyongeza ya kupendezesha macho? Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuingia katika ubishi huo, kwa sababu huku kwetu kuna mamilioni ya watu wanaokula, wanaosomesha na wanaooa kwa mifugo.

Ndoto iliyotungwa mjini

Kabla ya brashi ilitangulia kalamu. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Theocritus, mshairi wa Kigiriki mzaliwa wa Sisilia, alitunga mashairi ambamo wachunga mbuzi wanashindana kuimba. Karne mbili baadaye Virgil, mshairi wa Roma, alifuata njia hiyohiyo katika mashairi yake 10 yanayojulikana kama Eclogae. Waliosoma na kufurahia walikuwa watu wa mjini, waliochoshwa na kelele za mjini. Kupitia tungo hizo, Arkadia, ambayo ni nchi ya milima huko Ugiriki, iligeuka kuwa nchi ya kufikirika ambako mchungaji hana shughuli nyingine zaidi ya mapenzi na filimbi.

Hata hivyo, anayelisoma shairi la kwanza la Virgil kwa makini anakutana na habari nzito. Baada ya vita vya Filipi vya mwaka 42 kabla ya Kristo, washindi waliwalipa askari wao kwa ardhi waliyowapokonya wakulima wa Italia. Katika shairi hilo wanakutana wachungaji wawili. Tityrus amebakishiwa eneo lake na anapiga filimbi kivulini. Meliboeus amefukuzwa, anaswaga mbuzi wake kwenda asikokujua. Njiani jike mmoja amezaa mapacha juu ya jiwe tupu, na mwenye kundi hakuwa na budi kuwaacha palepale.

Mfugaji aliyewahi kuhamishwa hahitaji kuelezwa uchungu wa habari hiyo. Lakini wachoraji waliokuja zaidi ya miaka 1,600 baadaye walichukua kivuli na filimbi ya Tityrus. Wale mapacha wa mbuzi wakabaki juu ya jiwe.

Nuru ya Roma na homa ya Roma

Ustadi wa Claude hauna ubishi. Joachim von Sandrart, mchoraji Mjerumani aliyemfahamu kwa karibu, ameandika jinsi Claude alivyokuwa akijilaza mashambani tangu kabla ya mapambazuko hadi usiku, akichunguza anga linavyobadilika rangi, kisha akarudi nyumbani kuchanganya rangi zinazolingana na alichokiona. Alithubutu kuliweka jua lenyewe ndani ya picha, chini kabisa, karibu na upeo wa macho. Upande mmoja aliweka mti mrefu wenye giza, katikati mto au daraja, na mbali vilima vinavyofifia hadi kuwa buluu. Mifugo ilikuwa madoa ya kahawia na meupe yanayoliongoza jicho kutoka mbele kwenda mbali. Waghushi walipoanza kumwiga, aliweka kumbukumbu ya picha zake kwa kuzichora upya katika daftari linalojulikana kama Liber Veritatis, ambalo sasa limehifadhiwa British Museum, London.

Uwanda aliouchora upo kweli. Ni Campagna, tambarare inayoizunguka Roma. Wakati wa Claude, na kwa miaka mingi baada yake, uwanda huo ulikuwa maskani ya malaria. Wachungaji waliteremsha kondoo kutoka milima ya Apennini baridi ilipokaribia, wakalisha bondeni hadi mwanzo wa majira ya joto, kisha wakapanda tena milimani homa ilipoanza kushika. Wakiwa bondeni walilala katika vibanda vya nyasi, wakakamua, wakatengeneza jibini, wakalipa ushuru wa malisho kwa serikali ya Papa. Safari hiyo ya kila mwaka, homa hiyo na ushuru huo havionekani popote katika zile jioni za dhahabu.

Picha za Claude hazikuishia ukutani. Katika karne ya 18 matajiri wa Uingereza walizinunua kwa wingi, halafu wakataka na mashamba yao yafanane nazo. Henry Hoare alitengeneza bustani ya Stourhead, huko Wiltshire, yenye ziwa la kutengenezwa na mahekalu yanayokumbusha picha hizo. Wengine walichimba handaki refu lililofichika, liitwalo ha-ha, ili kondoo waonekane wako jirani na jumba lakini wasiweze kulisogelea. Mkabaila Harcourt alifika mbali zaidi: katika miaka ya 1760 alikihamisha kijiji kizima cha Nuneham Courtenay, karibu na Oxford, kwa sababu kiliharibu mandhari ya jumba lake jipya.

Habari hii inatugusa. Waingereza waliokuja kutawala Afrika Mashariki waliletwa na mambo mengi, na mojawapo ya vitu walivyobeba ni jicho lililofunzwa na picha na bustani hizo. Walipoitazama nyika ya Serengeti waliona mandhari, na mandhari kwao ilikuwa safi zaidi ikiwa haina boma. Mwaka 1959 Wamaasai waliokuwa wakiishi ndani ya hifadhi hiyo walihamishiwa Ngorongoro. Walioamua hivyo walikuwa na sheria zao na hoja zao, na hakuna mchoraji wa kubebeshwa lawama ya uamuzi huo. Lakini jicho lililozoea kumhesabu mchungaji kama nyongeza ya bure halioni tabu kumwondoa.

Fahali wa Potter

Uholanzi ilichukua njia nyingine, na sababu iko ardhini. Sehemu kubwa ya nchi ile ilitengenezwa kwa mikono. Ziwa Beemster, kaskazini mwa Amsterdam, lilikaushwa na kuwa shamba mwaka 1612 kwa nguvu za makumi ya vinu vya upepo vilivyokuwa vikisukuma maji nje mchana na usiku. Juu ya udongo wa namna hiyo iliota nyasi nzito, na juu ya nyasi wakaja ng'ombe. Siagi na jibini vilikuwa biashara kubwa, na kila mwaka maelfu ya maksai waliswagwa kutoka Denmark kuja kunenepeshwa huko. Katika nchi kama hiyo ng'ombe hakuwa doa la rangi. Alikuwa mali, na watu walimjua pembe hadi kwato.

Mwaka 1647 Paulus Potter, kijana wa miaka 21, alimchora fahali kwenye turubai lenye upana wa zaidi ya mita 3 na kimo cha zaidi ya mita 2. Ukubwa huo ulikuwa wa kuchorea wafalme, vita na visa vya Biblia. Potter akampa mnyama wa zizini.

Isogelee picha hiyo. Manyoya ya paji la uso yamejiviringa kwa vishungi, na mgongoni yamelala kufuata mkunjo wa misuli. Ng'ombe jike aliyelala mbele yake ana pua yenye unyevu, na ukimtazama unakaribia kumsikia akicheua. Kuna inzi. Kuna chura kwenye nyasi, na juu angani kipozamataza anaruka. Kondoo dume, kondoo jike na mwanakondoo wamejikusanya kando ya mti, na nyuma yao amesimama mwenye mifugo, mzee wa kofia pana. Mbali kabisa unaonekana mnara wa kanisa la Rijswijk. Inafahamika pia kwamba awali Potter alikusudia kumchora fahali peke yake. Wazo lilipokua akaunga vipande vya turubai ili wengine wapate nafasi.

Wajuzi wa mifugo waliomchunguza fahali huyu wamebaini jambo ambalo mfugaji wa Usukuma au wa Ankole angeligundua upesi: viungo vyake havitoki kwa mnyama mmoja. Umri unaosomeka kwenye sehemu moja ya mwili haulingani na unaosomeka kwenye sehemu nyingine. Bila shaka Potter alikusanya michoro ya mafahali kadhaa aliowaona malishoni, kisha akaiunganisha. Hata hivyo, kila kiungo kilitoka kwa ng'ombe wa kweli. Huo ndio umbali uliopo kati yake na wale waliochora kwa kusikia.

Picha hiyo ilipata umaarufu kiasi kwamba majeshi ya Ufaransa yalipoiteka Uholanzi mwaka 1795 yaliichukua kama ngawira, ikapelekwa Louvre. Ilirudishwa mwaka 1815, na leo iko Mauritshuis, mjini The Hague. Potter mwenyewe hakuishi kuona lolote kati ya hayo. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1654, akiwa na miaka 28.

Lakini tazama mtu amewekwa wapi. Fahali ndiye bwana wa picha, na mwenye fahali yuko pembeni, nusu amezibwa na mti. Karne mbili baadaye Rosa Bonheur, mwanamke Mfaransa aliyekuwa akiingia machinjioni na minadani kujifunza maungo ya wanyama, na ambaye alilazimika kupata kibali cha polisi ili avae suruali katika kazi hiyo, aliendeleza ujuzi huo. Katika picha yake kubwa ya mwaka 1849, iliyoko Musée d'Orsay, Paris, maksai wa Nivernais wanavuta majembe wakiwa wamefungwa nira, na udongo uliopinduliwa unaonekana mbichi hata mtu anatamani kuugusa. Mwaka 1865 alikuwa msanii wa kwanza wa kike kutunukiwa nishani ya Légion d'honneur. Nyota ya picha ile, hata hivyo, ni maksai. Sura za wakulima hazikumbukwi.

Msichana wa Millet

Aliyemleta mchungaji mbele ni Jean-François Millet. Alizaliwa mwaka 1814 katika kijiji cha Gruchy, Normandie, kwenye familia ya wakulima, na alifanya kazi za shamba kabla ya kuishika brashi. Mwaka 1849 alihamia Barbizon, kijiji kilicho kati ya msitu wa Fontainebleau na uwanda mpana wa kilimo, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 1875. Hakuhitaji kukodi mtu wa kujifanya mchungaji. Wachungaji walikuwa majirani zake.

Picha yake ya mchungaji wa kike na kondoo wake ilioneshwa Paris katika maonesho ya kitaifa ya mwaka 1864. Ni picha ndogo, haifiki hata mita moja kwa kimo. Msichana amesimama peke yake kwenye uwanda usio na kilima. Amevaa joho zito la sufu na kitambaa chekundu kichwani, fimbo yake ameiegemeza mwilini. Nyuma yake kondoo wamebanana, vichwa chini, wanatafuna kilichosalia ardhini. Mbwa amesimama pembeni, macho kwenye kundi. Jua limejificha nyuma ya mawingu.

Sasa tazama mikono yake. Anafuma. Kundi linakula, mbwa analinda, na yeye hapotezi saa hata moja ya mchana ule, kwa sababu nyumbani kuna mtu atakayehitaji soksi baridi ikibana. Kwa mikono ile miwili Millet alieleza uchumi mzima wa kaya ya kijijini. Kichwa cha msichana kinapita mstari wa upeo wa macho na kuingia angani, kiasi kwamba hakuna kitu kingine katika uwanda ule kinachosimama kama yeye. Ukimwondoa, picha haipo tena. Katika picha za Claude unaweza kuwafuta wachungaji wote na jioni ikabaki nzuri vilevile.

Millet alichora pia kazi isiyoonekana na wapita njia. Katika picha iliyoko Walters Art Museum, Baltimore, mwezi umechomoza juu ya uwanda na mchungaji anawaingiza kondoo zizini usiku. Zizi lenyewe ni la fito za kuhamishika. Wakulima wa Ufaransa walikuwa na desturi ya kulisogeza zizi la namna hiyo kila baada ya muda, ili kondoo waliolala humo waache samadi katika kila kipande cha shamba. Kwa hiyo mchungaji yule alikuwa anaandaa mkate wa mwaka uliofuata, wakati kijiji kimelala.

Picha hizi za Millet zinamweleza mtu na kazi yake, na ndiyo maana naziweka juu ya nyingine zote nilizotaja hapa. Anayechora malisho bila kujua kinachofanyika humo atachora nyasi tu.

Soko linapenda machweo

Uzuri una bei, na bei huwavuta wachoraji. Anton Mauve, Mholanzi aliyemwoa binamu yake Vincent van Gogh na aliyemfundisha Vincent mwanzoni mwa safari yake, alichora kondoo wa Laren kwa upole mkubwa mwishoni mwa karne ya 19. Wanunuzi wa Marekani walizigombea picha hizo. Inasimuliwa kuwa ilifika mahali picha za kondoo wanaokuja zikauzwa ghali kuliko za kondoo wanaokwenda, kwa vile mnunuzi alipenda kuona nyuso kuliko migongo. Mchungaji hakuwemo katika hesabu hiyo.

Hali kama hiyo ipo kwetu. Pita maduka ya sanaa ya Arusha, Mji Mkongwe wa Zanzibar au masoko ya Nairobi. Utawakuta Wamaasai warefu wembamba, shuka nyekundu, mikuki juu, wamepangwa mstari mbele ya jua linalozama. Wengi hawana macho, pua wala mdomo. Ng'ombe wakiwepo, ni vivuli. Wachoraji wa picha hizo wana watoto wa kulisha na kodi za kulipa, na mgeni anayenunua ndiye anayeamua kichorwe nini. Siwalaumu kwa kutafuta riziki. Ninachosikitikia ni kwamba katika nchi za wafugaji, mfugaji amechorwa mara nyingi kuliko karibu mtu mwingine yeyote, na bado hatujui anafanya nini kuanzia alfajiri hadi usiku.

Mambo ya kuchora yamejaa. Kuna Wasamburu wanaochimba visima katika mchanga wa mito iliyokauka, wakateremka mmoja chini ya mwenzake na kupandisha maji kwa kupokezana ndoo huku kila ukoo ukiimba, na ng'ombe wa ukoo huo wakiitambua sauti ya kwao. Kuna mnada wa Pugu, Dar es Salaam, ambako bei inabishaniwa kwenye vumbi na mgongo wa maksai unakaguliwa kwa kiganja. Kuna josho siku ya kuogesha. Kuna mama wa Kimaasai akisiliba nyumba kwa samadi, na mtoto wa miaka saba aliyekabidhiwa ndama. Kuna mwaka wa ukame, ambapo mzee anamshika mkia ng'ombe aliyelala ili amsaidie kusimama, kwa kuwa akiendelea kulala hatanyanyuka tena.

Kila moja ya hayo inatosha kubeba turubai la mita tatu.

Kwa vijana wetu wanaosoma sanaa, ombi langu ni hili: kabla ya kuchora ng'ombe, nendeni mkalale bomani. Mkishamaliza picha, wa kwanza kuiona awe mfugaji, muulizeni wapi mmekosea pembe, wapi mmekosea nundu, na kama fimbo inashikwa hivyo. Makumbusho yetu ya taifa, huko Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, yaagize kazi za namna hiyo na kuzilipia, ili mchoraji asibaki na mteja mmoja tu, mtalii.

Nawe msomaji, siku utakapotaka kununua picha ya malisho, muulize muuzaji mchungaji huyu anafanya nini. Akikosa jibu, tafuta picha nyingine.